Firigisi ya Wesonga

Jirani yangu Wesonga alikula maini ya bure maisha yake yote ya kazi, na malipo yakamfikia kupitia kidole gumba cha mguu. Naanza hapo kwa sababu watu wa Kaloleni wakimtaja siku hizi wanaanzia mwisho, pale alipoanguka, halafu wanatikisa vichwa na kusema maskini, mzee wa watu. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu Caren wangu ananyonya. Huruma yao wabaki nayo.

Alikuwa mkaguzi wa nyama. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akapewa koti jeupe, kisu kidogo na muhuri wa wino wa zambarau, na kutoka siku hiyo ng'ombe wa watu hakuwa nyama mpaka Wesonga aseme ni nyama. Alipasua ini akatafuta minyoo. Alibonyeza tezi. Alinusa. Akikubali alipiga muhuri, na akikataa aliikatakata ile nyama na kuimwagia mafuta ya taa, ili mtu asije kuifukua jioni akaenda kuiuza. Wenye ng'ombe walimwogopa kuliko chifu. Ndiyo maana kila siku alirudi nyumbani na gazeti lililoloa damu, ndani yake ini, au figo, au ulimi, kutegemea nani alikuwa amemwogopa zaidi siku hiyo. Mkewe Nabalayo alipika, na sisi majirani tukanusa. Kuonja ndiyo usiulize, kwa sababu Wesonga hakuwa mtu wa kupitisha bakuli juu ya ua.

Jumapili alichinja kuku. Kwa Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni wa heshima akiwepo, na hilo kila mtu hapa mjini analijua. Wanaume wengi huitia mdomoni na kuendelea na habari nyingine. Wesonga aliishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza mbele ya Nabalayo na binti yao wa pekee, Sylvia, kisha akaitafuna polepole akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Sylvia akiwa mdogo aliwahi kuniuliza, "Mama Caren, firigisi iko na ladha gani?" Nikamwambia ni ngumu kama soli ya kiatu. Nilimdanganya ili asiitamani.

Alipostaafu, kidole kikavimba. Kilikuwa chekundu, kimeng'aa, na shuka ikikigusa alipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wanaitikia. Nabalayo akampeleka zahanati. Daktari aliwaeleza kwa lugha rahisi kwamba hiyo ni gauti. Maini na figo basi. Pombe basi. Nyama nyekundu aipunguze sana, mboga ndizo ziwe chakula chake, na kuku au samaki kidogo mara moja moja si vibaya. Nabalayo alikuwa amekaa papo hapo, akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Alikuja kuniambia akicheka, maana aliona jambo lenyewe ni jepesi.

Wesonga alifika nyumbani akiegemea fimbo, akawaita wote wawili sebuleni. Nyumba zetu ni za kanjo, za baraza la mji, ukuta ni mwembamba, kwa hivyo nilisikia kila kitu.

"Kutoka leo, kwa hii nyumba nyama hakuna," alisema. "Kuku hakuna. Samaki hakuna, hata omena. Na yai pia sitaki kuona."

"Lakini Baba Sylvia, daktari alisema kuku kidogo..."

"Daktari analala hapa?"

Sylvia, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima na kazi yake ya kuuza rangi na misumari katika duka moja la mjini, akasema, "Baba, sisi si wagonjwa."

"Ndiyo maana nawaambia. Siwezi kaa hapa nakula majani kama mbuzi na nyinyi mnalamba mafuta mkiniangalia. Mimi nisipokula, hakuna mtu atakula."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa afya ya nyumba ya Wesonga. Wengine wanaacha nyama kwa ajili ya moyo, wengine kwa ajili ya Mungu. Yeye aliwaachisha wenzake kwa wivu.

Na msifikiri nazisema vibaya mboga. Mboga hazina kosa. Nabalayo alikuwa na mkono wa kupika ambao sijauona kwa mwanamke mwingine kutoka Kisian mpaka Ahero. Alichambua saga jani kwa jani, akaichemsha mpaka uchungu ukaisha, akaitilia karanga za kusaga. Alipika mrenda na kunde pamoja, managu peke yake, maharagwe kwa ufuta, na nduma iliyopasuka yenyewe ikitoka mvuke. Siku nyingine niliacha samaki wangu jikoni nikaenda kula kwake. Mwaka ule Nabalayo alipungua mwili, magoti yakaacha kumuuma, na angekuwa na mume wa maana ningesema wamebarikiwa. Lakini chakula unachokula kwa kulazimishwa hukwama kooni hata kikiwa kitamu.

Wesonga hakutosheka na kutoa amri. Alikagua. Aliinua vifuniko vya sufuria. Alichokora pipa la taka kwa fimbo akitafuta mifupa. Sylvia akitoka kazini alimsimamisha mlangoni, akamwambia atoe pumzi, naye akanusa. Hebu fikiria, mwanamke mzima, na mkoba wake begani, anampumulia baba yake usoni ili aruhusiwe kuingia ndani. Siku moja Nabalayo alienda matanga Kisian, akala kipande cha samaki kama watu wote. Aliporudi Wesonga alimfungua mdomo kwa mkono, kama anavyofunguliwa ng'ombe wa mnada, akanusa, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

"Kaa huko mpaka ikuishe," alisema dirishani.

Mvua ilinyesha. Nabalayo aliketi barazani kwangu na nguo yake ya kanisa, mikono mapajani, na kila nilipomwambia aingie ndani alisema, "Acha tu, Mama Caren. Akiona sipo atafunga na komeo." Siku hiyo ndipo nilipoanza kumchukia Wesonga sawasawa. Kabla ya hapo nilikuwa simpendi tu.

Mtu angeuliza kwa nini Sylvia hakuhama. Hakutaka kumwacha mama yake peke yake na ile pua. Tena alikuwa na mtu. Kijana mmoja wa Ahero anaitwa Ondiek, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mpole, mrefu, na vumbi la pumba kwenye nyusi hata siku ya Jumapili. Sylvia alikuwa amefika ule umri ambao wamama wa mtaa huanza kukuuliza maswali kwa macho. Alimpenda Ondiek, na kila akimtaja sauti yake ilipanda. Na duniani alikuwa anataka kitu kimoja tu, kuolewa na Ondiek kwa heshima, atoke katika nyumba ile, halafu mama yake apate mahali pa kwenda.

Watu wa Ondiek wakatuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha na kutoa ayie, yaani ile posa ya kwanza ambayo kwetu Wajaluo humwendea mama wa msichana. Nabalayo alicheza jikoni aliposikia. Kisha akaacha kucheza, kwa sababu alikumbuka kuku.

Mkwe hapokelewi bila kuku. Kwa Waluhya ni hivyo, na kwetu ni hivyo. Unaweza kumpikia mkwe ng'ombe mzima, na kama hakuna kuku mezani ataenda kwao akisema hakupewa chakula. Ukimpa mboga tupu, hapo umeshamjibu. Akufukuzaye hakuambii toka. Na Wesonga alilijua jambo hilo kuliko sisi sote, maana yeye mwenyewe alipoenda kumposa Nabalayo alikataa kunawa mikono mpaka alipoona bakuli lenye firigisi. Nabalayo alikuwa amenisimulia.

Akapiga magoti mbele yake. Nilimsikia akipiga magoti, sakafu ile ni ya simiti.

"Baba Sylvia, kuku mmoja tu. Wewe hutakula. Tutapikia nje."

"Wakwe watakula kile mimi nakula."

"Basi twende nyumbani Bungoma, ndugu zako watawapokea huko."

"Ndio wachinje? Unafikiri mimi ni mjinga? Watakuja hapa hapa Kaloleni. Kama wanataka msichana, watakula saga."

"Baba," Sylvia akasema, "unajua hiyo inamaanisha nini."

"Inamaanisha mimi ndiye mwenye nyumba."

Hatukumbishia tena. Nabalayo alienda soko la Kibuye akanunua jogoo mwekundu, mzito, mwenye miguu ya njano, akaja naye kwangu akiwa amemfunga ndani ya leso. Tulimfuga nyuma ya nyumba yangu, tukamlisha mahindi na mabaki ya omena, na kila jioni Sylvia alipitia kwangu kumtazama. Alimbeba, akampima uzito kwa mikono, akasema, "Ameongezeka." Mpango ulikuwa wangu. Bakuli la jirani halikataliwi mbele ya wageni. Nitampika kwangu, na wageni wakishaketi nitaingia naye kama zawadi yangu kwa rafiki yangu. Mwenye nyumba atasema nini? Hata Wesonga ana haya kidogo mbele ya watu, nilifikiri. Nilikuwa namfahamu kwa miaka mingi na bado nilifikiri hivyo.

Wakaja Jumamosi, saa za mchana. Mbele alikuwa Mzee Opondo, baba mkubwa wa Ondiek, na kofia yake ya manyoya licha ya jua. Nyuma yake shangazi wawili wanene waliovaa sare, halafu Ondiek akiwa na suti, na magunia mawili ya mchele wa Ahero. Upande wa Wesonga kulikuwa na wazee wawili wa ukoo wanaoishi hapa mjini. Salamu zilikwenda vizuri. Maombi yalikwenda vizuri. Nabalayo akaanza kuleta chakula, na siku ile alipika kama mtu anayeomba msamaha. Saga ya karanga, kunde, managu, mrenda, maharagwe, nduma, ugali wa mtama, wali. Meza haikuonekana.

Wageni walitazama, wakasifu, na hakuna aliyenyoosha mkono kwa maji.

"Mama, umepika," Mzee Opondo alisema kwa ustaarabu. "Hizi mboga ni mzuri sana. Sisi tunangojea wenzake tu."

"Hakuna wenzake," Wesonga akajibu. "Hapa ndio tunakula hivi. Ni mambo ya afya."

Mashangazi wakatazamana. Ondiek akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nje ya dirisha na sufuria imefungwa kwa kitambaa, inanichoma mikono, na nikaona saa yangu imefika.

"Hodi hapa," nikasema, nikaingia kabla sijaitikiwa. "Mama wa hapa ni dada yangu, wageni wake ni wageni wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeleta kitu kidogo."

Nikaiweka katikati ya meza, nikafunua. Jogoo yule alikuwa ameiva vizuri, mchuzi mzito, kitunguu kimeyeyuka, na juu kabisa nimeiweka firigisi ili Mzee Opondo aione bila kutafuta. Nyumba nzima ilishusha pumzi. Mzee Opondo alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akasema, "Ero kamano, nyaminwa," yaani asante dada yangu, na shangazi mmoja akaanza kukunja mikono ya gauni. Sylvia akaingia na jagi la maji na beseni, amepiga goti mbele ya Mzee Opondo, tayari kumnawisha. Sijamwona akiwa mzuri kama dakika ile.

Wesonga akasimama. Alikuja mezani akichechemea, akainama juu ya sufuria, akafumba macho na kunusa. Alinusa kwa muda mrefu. Nafikiri njaa ya miezi yote ile ilimpanda puani kwa mara moja, na badala ya kumlainisha ikamkausha.

"Hii kuku ilikaguliwa na nani?" akauliza.

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa mzee aliyestaafu.

"Nauliza. Iko na muhuri?"

Akaingia jikoni. Tulimsikia akifungua kabati. Aliporudi alikuwa na kisu mkono mmoja na kibuyu cha plastiki cha mafuta ya taa mkono mwingine, yale ya stovu. Alimkata yule jogoo mikato mirefu, mmoja huku, mmoja huku, kwa ule ustadi wake wa kichinjioni, kisha akammwagia mafuta ya taa mpaka mchuzi ukafika mdomo wa sufuria. Firigisi ilielea juu.

"Hii nyama haifai kuliwa na binadamu," akasema, akafunga kibuyu.

Harufu ilijaa nyumba nzima. Mmoja wa wazee wa ukoo wake akasema kwa sauti ndogo, "Wesonga, ndugu yangu, umefanya nini?" Shangazi aliyekuwa amekunja mikono ya gauni aliikunjua, akamwinamia mwenzake sikioni, na neno alilosema nililisikia kwa sababu ni neno letu. Chira. Ni ule mkosi unaomfuata mtu aliyevunja mwiko, ukamfuata na mtoto wake, na yeyote atakayeoa kwake. Kuku wa kumpokea mkwe amemwagiwa mafuta ya taa na baba wa msichana mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya mashahidi. Ni mama gani wa Ahero atampokea msichana huyo jikoni kwake?

Mzee Opondo hakufoka. Ningependa angefoka. Alivaa kofia yake, akairudisha bahasha ya ayie mfukoni ndani ya koti, na kusimama.

"Baba Sylvia, asante," alisema. "Sisi hatuna maneno mingi. Tumeona."

Wakatoka. Ondiek alimtazama Sylvia, akamtazama baba yake mkubwa mlangoni, na akamfuata baba yake mkubwa. Sylvia alikuwa bado amepiga goti, jagi mkononi, beseni mbele yake halina maji. Wesonga akaketi mahali pake, akavuta sahani, akachota saga.

"Mboga imeiva leo," akasema. Akala.

Ondiek alikuja mara moja tu baada ya hapo, akasimama langoni kwetu. Alisema mama yake amelia, amekataa, amesema hataki kuzika watoto. Alisema pole mara nyingi. Sylvia alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Umeshasema, nenda," na yeye akaenda. Alioa msichana wa Nyakach kabla mpunga wa msimu uliofuata haujavunwa. Sylvia aliziona picha kwenye simu yangu. Alizitazama zote, akazikuza kwa vidole, akaniambia, "Wamepika kuku wengi," kisha akanirudishia simu.

Nabalayo hakukaa. Alingoja Wesonga aende kuchukua pensheni, akafunga nguo zake kwenye leso, akapika sufuria kubwa ya kunde, akaifunika, akarudi kwa ndugu zake. Alimwomba Sylvia waondoke pamoja, na Sylvia akakataa. Nilishangaa wakati ule. Nilimwambia, "Nyathina, mwanangu, unangoja nini hapa?" Akasema anangoja tu.

Hakungoja sana. Wesonga alianguka mlangoni pa choo asubuhi moja akiwa anamfokea kwa sababu ya harufu ya yai ambalo wala hakuwa amelila. Kiharusi kilichukua upande wa kulia wote na ulimi juu yake. Alirudi kutoka hospitali akiwa na mdomo uliopinda na neno moja tu, "mm." Masikio yalibaki. Macho yalibaki. Na pua ilibaki nzima, bora kuliko hayo yote.

Watu walimsifu Sylvia mpaka kanisani. Binti aliyekosa mume akamrudia baba! Alimwogesha, akamgeuza, akamnyoa ndevu, akamvalisha shati safi kila siku. Alimlisha kwa kijiko managu, kunde, saga, mrenda, zote bila mafuta na bila chumvi, uji wa mtama asubuhi, na nduma iliyopondwa jioni. Aliinua kifuniko cha kila sufuria mbele ya uso wa baba yake kabla ya kumlisha, ili anuse, ajue hakuna kitu kimefichwa. Wageni waliona ni heshima.

Nilimsindikiza siku moja kumpeleka zahanati. Daktari alikuwa mwingine, msichana mdogo. Alimpima, akamshika mkono uliokauka, akakunja uso.

"Huyu mzee amekonda sana. Anakula nini?"

"Mboga, daktari. Ana gauti. Aliapa hatakula nyama tena."

"Sasa hiyo mumezidisha. Hata kwa gauti, kuku kidogo, samaki kidogo, yai, hakuna shida. Anahitaji hiyo ndio apate nguvu. Mwangalie misuli. Mpe kuku, hata supu yake."

Nilimwona Wesonga akisikia. Macho yake yaliinuka kwa daktari, yakaja kwa binti yake, yakabaki hapo. "Mm," akasema. "Mm, mm."

"Sawa, daktari," Sylvia akasema. "Asante sana."

Njiani kurudi alikuwa akimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, na tulipopita soko akanigeukia.

"Mama Caren, daktari amesema nini?"

Mzee alikuwa papo hapo kati yetu, kichwa kimelala upande mmoja, anasikia. Nilimkumbuka Nabalayo barazani kwangu na nguo iliyoloa. Nilikumbuka jagi.

"Mimi sijasikia kitu," nikasema.

Jumapili iliyofuata alitoka kanisani akapitia Kibuye, akarudi na jogoo. Alikuwa mwekundu, miguu ya njano. Alimchinja nyuma ya nyumba yao, mahali ambapo baba yake angeweza kuona kupitia dirishani, akamnyonyoa, akampika katika jiko la mama yake mlango ukiwa wazi. Akakaanga vitunguu kwanza, taratibu. Kisha akaniita nile nao, na nikaenda.

Wesonga alikuwa mezani, amefungwa taulo shingoni. Mate yalikuwa yanamtiririka na machozi pia, upande mzima na upande uliokufa. Nilimhurumia? Kidogo, kama unavyomhurumia panya mtegoni huku ukiwa na furaha kwamba mtego umefanya kazi. Sylvia alimlisha saga yake yote kwanza, kijiko kwa kijiko, akimpangusa kidevu kwa upole. Alipomaliza akaiweka sufuria ya kuku mbele yake na kuifunua. Mzee akafungua mdomo. Aliufungua wazi, kama kifaranga, akangoja.

Sylvia akaitoa firigisi kwa vidole viwili. Akaigeuzageuza mbele ya uso wa baba yake. Akaiinua puani kwake mwenyewe, akafumba macho na kunusa, kwa muda mrefu.

"Hii haifai kuliwa na binadamu, Baba," akasema, akaitia mdomoni.

Aliitafuna polepole akimtazama. Mdomo wa mzee ulibaki wazi muda wote huo, hakuwa na nguvu ya kuufunga au labda bado alikuwa anatumaini. Sylvia alipomeza alinigeukia na kutabasamu, mara ya kwanza tangu siku ya jagi.

"Mama Caren, ulinidanganya," akasema. "Si ngumu."

Akanisukumia sufuria. Nikachukua paja.